Mbofyo wa bure: ni nani hasa anayelipa?

Makala haya yametokana na swali la mwanafunzi. Mwaka 2022 tulikuwa tukifundisha msamiati kwa kundi dogo la wanafunzi 12 hapa Lilongwe. Wengi wao walikuwa wakikaa Nsungwi, katika Eneo la 25, na wachache walikuwa na jamaa zao katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo wa kilometa arobaini na kitu kutoka mjini. Siku hiyo tuliwaonyesha mchezo wa maneno uitwao Freerice. Unapewa neno moja na majibu manne, unachagua jibu, na ukipatia, punje kadhaa za mchele zinahesabiwa kwa ajili ya wenye njaa. Hulipi hata tambala moja. Tulikuwa tumeuchagua kama mfano wa zoezi la msamiati, basi. Suala la mchele tulilitaja kwa kupita.

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Uvira aliyekulia Dzaleka, akanyoosha mkono: “Mwalimu, banasema ni bure, lakini ni nani analipaka?”

Kwanza tuseme neno juu ya hilo “analipaka”. Wenzetu wa Kongo ya mashariki huweka -aka mwishoni mwa kitenzi kuonyesha mazoea, pale ambapo Kiswahili sanifu hutumia hu-: “ni nani hulipa”. Hatukumsahihisha. Alikuwa anauliza juu ya jambo linalotendeka kila siku, na kitenzi chake kilibeba maana hiyo barabara. Tatizo ni kwamba jibu tulilompa papo hapo lilikuwa la juu juu. Tulimwambia “makampuni ya matangazo” tukaendelea na somo. Ni baada ya wiki mbili, na baada ya kosa tutakalolieleza, ndipo tulipokaa chini kulitafuta jibu kamili. Tunaliweka hapa kwa sababu walimu wengi wanaombwa na wanafunzi wao ushauri juu ya tovuti za namna hii, na kwa sababu ndani ya swali lile kuna neno ambalo sisi watu wa lugha hatuna udhuru wa kulipita.

Neno lenyewe ni “bure”. Katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaa nyumba moja. Bure ni kitu kisicholipiwa, kama maji ya kisima cha jirani. Bure pia ni jambo lisilozaa matunda: tumechoka bure, amegombana na nduguye bure. Mtu akisema “kazi ya bure” huwezi kujua, bila kumtazama usoni, kama anajisifu kwa kujitolea au analalamika kwa kupoteza muda. Katika mambo haya ya kubofya kwa ajili ya hisani, maana zote mbili ziko kazini kwa pamoja, na kazi ya mwalimu ni kuzitenganisha.

Tuanze na historia yake, ambayo ni fupi. Mwezi Juni 1999 mtaalamu wa programu za kompyuta aitwaye John Breen, wa mji wa Bloomington katika jimbo la Indiana, Marekani, alifungua tovuti iliyoitwa The Hunger Site. Ilikuwa na kitufe kimoja. Mgeni alibofya mara moja kwa siku, kisha akaonyeshwa ukurasa wenye nembo za wadhamini. Kwa kila mbofyo wadhamini hao walilipia kiasi kidogo cha chakula, na fedha zikaenda Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, yaani WFP. Mwezi Februari 2000 Breen aliiuza tovuti hiyo kwa kampuni ya GreaterGood. Mwaka uliofuata biashara za intaneti zilikuwa zimeporomoka huko Marekani, bei ya matangazo ikashuka, na GreaterGood ikafunga milango. Tovuti ikapata wamiliki wengine ikaendelea. Tunaomba msomaji akumbuke tukio hilo: njaa haikuwa imepungua mwaka 2001, na wabofyaji hawakuwa wamechoka. Kilichopungua ni haja ya makampuni ya kununua nafasi za matangazo, na vikombe vya chakula vikapungua pamoja nayo.

Breen hakuishia hapo. Kijana wake alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu na alihitaji kujifunza maneno magumu ya Kiingereza, basi baba akamtengenezea zoezi la maneno kwenye kompyuta. Zoezi hilo ndilo likawa Freerice, lililofunguliwa tarehe 7 Oktoba 2007. Jibu moja sahihi lilikuwa na thamani ya punje 10 za mchele. Siku ya kwanza zilipatikana punje 830, ambazo hata kiganja cha mtoto hazikijazi. Mwezi Novemba, baada ya habari kuenea, punje za mwezi mzima zilizidi bilioni 4. Mchele wa mwanzo ulikwenda kwa wakimbizi wa Myanmar waliokuwa Bangladesh, na baadaye nchi nyingine, Uganda ikiwamo. Mwaka 2009 Breen aliukabidhi mchezo wote kwa WFP. Zilipoongezwa lugha nyingine, zilitangulia Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiitaliano. Sisi wa Kiswahili tulikuwa wageni pale kama tulivyo wageni kwingi.

Na jina lenyewe? Mwanafunzi wa fasiri akilitazama ataona kwamba Kiingereza kina neno moja tu pale ambapo sisi tuna matatu. Shambani ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukiiva ni wali. Jina la mchezo haliwezi kufasiriwa kwa neno la kwanza wala la tatu. Ni mchele: umeshatoka shambani, haujafika kwenye sahani. Kwa hakika hata mchele si lazima uwe mchele, kwa kuwa punje zinazoonekana kwenye kioo ni hesabu tu. WFP hupokea fedha, na kwa fedha hizo hupeleka kile kinachohitajika mahali husika. Wamalawi, ambao chakula chao kikuu ni nsima ya mahindi, wataelewa upesi kwa nini punje ile inapaswa kuchukuliwa kama kipimo.

Sasa fedha hizo hutokaje? Mwenye tovuti ana nafasi kwenye ukurasa wake, kama mwenye duka mwenye ukuta unaotazama barabara. Kampuni inalipia ukuta huo. Aghalabu malipo huhesabiwa kwa kila macho elfu yaliyolitazama tangazo, au kwa kila mtu aliyelibofya tangazo akaenda dukani kwa mtangazaji. Mwenye tovuti ya hisani anaahidi kwamba malipo hayo, yote au sehemu yake, yatakwenda kwenye hisani. Kwa hiyo jibu la mwanafunzi wetu linaanza hivi: anayelipa ni kampuni, na inacholipia ni wewe kutazama. Hatua ya pili ndiyo iliyotukata maini. Macho hayalingani bei. Mtangazaji wa magari au bima analipa vizuri kwa macho yaliyoko Chicago kwa sababu mwenye macho hayo huenda akanunua. Macho yaliyoko Nsungwi, ambayo mwenyewe anatafuta nauli ya minibasi, hayana bei hiyo. Mbofyo ni ule ule, kidole ni kile kile, lakini sokoni si sawa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kosa letu. Baada ya kipindi kile, wanafunzi waliamua wenyewe kutumia nusu saa ya jioni kujibu maswali ya Freerice “kwa ajili ya Dzaleka”. Tuliwaruhusu, tena tuliwasifu. Chumba cha kompyuta kilikuwa kimefungwa, hivyo wakakusanyika kwenye kibanda cha intaneti cha soko la Nsungwi, kwa Mkongo mmoja aliyekuwa na kompyuta tatu. Waliokosa kompyuta wakanunua vocha na kuingia kwa simu zao. Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Mwisho wa nusu saa kila mmoja alikuwa na majibu sahihi 150 kwa wastani, na wote walitoka wakicheka.

Kesho yake tukafanya hesabu ubaoni. Wanafunzi 12, majibu 150 kila mmoja, punje 10 kwa jibu kama mchezo ulivyoanza: jumla punje 18,000. Punje moja ya mchele mkavu ina uzito wa miligramu kama 20 hadi 25. Kwa hiyo punje 18,000 ni kama gramu 400, chakula cha mtu mmoja kwa siku moja. Kisha tukajumlisha fedha za vocha na za kibanda. Kwa bei ya soko la Nsungwi la wiki ile ile, fedha hizo zingenunua mchele zaidi ya kilo 2.

Darasa lilikuwa kimya kidogo. Mmoja akasema, “Kumbe wafadhili tulikuwa sisi, na tumemfadhili mwenye mtandao.”

Methali ya haba na haba hujaza kibaba tunaifundisha kuanzia shule ya msingi, lakini ni wanafunzi wangapi wanaojua kibaba ni kiasi gani? Ni robo ya pishi. Ukikadiria pishi kuwa kilo mbili na nusu hadi tatu, kibaba kitakuwa na gramu 650 au 700. Kukijaza kwa punje kumikumi kunahitaji majibu sahihi kama 3,000. Darasa letu zima, kwa nusu saa, lilifikisha kidogo zaidi ya nusu ya kibaba. Methali haikosei. Ile Novemba ya 2007 watu wa dunia nzima walijaza vibaba kwa tani zipatazo 100. Lakini methali inachukulia kwamba anayeleta haba hatumii kibaba kizima kuileta. Mwanafunzi wa chuo cha Ulaya au Marekani, ambaye intaneti yake imekwisha kulipiwa kwa mwezi mzima, kwake mbofyo ni wa bure kweli kwa maana ya kwanza. Kwa anayenunua bando la siku, mbofyo huo una bei. Utafiti wa kampuni ya Cable ya Uingereza wa mwaka 2020 uliiweka Malawi juu kabisa katika orodha ya nchi zenye intaneti ghali ya simu, kwa wastani wa zaidi ya dola 27 za Marekani kwa gigabaiti 1. Bei zilishuka baadaye, ila mwanafunzi hanunui gigabaiti. Hununua kile kibando kidogo cha leo, ambacho kikigawanywa kwa kipimo ndicho cha ghali kuliko vyote.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi Freerice ni udanganyifu. Fedha zake ni za kweli na anayezipokea anajulikana. Aidha, kama zoezi la msamiati ni kazi nzuri: maswali yanapanda ugumu kadiri unavyopatia, na neno ulilolikosa hurudishwa baadaye. Tunachosema ni kwamba mwalimu asimwambie mwanafunzi kuwa jibu lake limetumbukia katika sufuria la Dzaleka. WFP inafanya kazi katika nchi nyingi, na fedha haziji na jina la aliyejibu.

Dzaleka yenyewe tunaifahamu, na pengine baadhi ya wasomaji hawaifahamu. Ilifunguliwa kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1994. Kabla ya hapo, enzi za Kamuzu Banda, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Jina lake wengi hulihusisha na kauli ya Kichewa “ndidzaleka”, yaani nitaacha, sitarudia. Ilikusudiwa watu elfu kumi na kidogo, na katika miaka hii idadi imepita 50,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kanisani, kisimani na hata katika ugomvi. Kwa miaka mingi WFP iligawa mahindi, maharagwe na mafuta, kisha ikaanza kutoa fedha badala ya chakula. Mgao umekuwa ukipunguzwa kila michango ya wahisani inapopungua. Sheria za Malawi zinawataka wakimbizi wakae makazini, na kupata kazi nje ni vigumu. Mwezi Mei 2023 serikali ilianza kuwarudisha Dzaleka wale waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini. Kibanda cha Nsungwi kilifungwa mwezi huo. Wanafunzi wetu wawili nao walirudi Dzaleka, na tangu hapo tunawafikia kwa simu zaidi kuliko kwa macho.

Kwa watu walio katika hali hiyo, neno “bure” kwenye simu si la mchezo. Na hapa kuna jambo zito kuliko hesabu ya punje. Pamoja na tovuti za kweli, huzunguka jumbe za WhatsApp zinazoiga maneno yake. “Sambaza ujumbe huu kwa watu 10, kila ukisambaza mkimbizi mmoja atapata dola.” “Bofya hapa ujiandikishe, UNHCR inatoa fedha.” “Nafasi za kuhamia Kanada, bofya kiungo kabla ya usiku wa leo.” Mama wa mmoja wa wanafunzi wetu aliujaza ukurasa kama huo. Aliandika jina lake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kadi yake ya mgao na majina ya watoto. Mwishoni akaombwa “ada ndogo ya usajili” kwa njia ya simu. Alilipa. Hakuna kilichokuja, ila jumbe nyingine za namna hiyo.

Sisi walimu wa lugha si polisi, lakini kusoma matini ndiyo kazi yetu. Matini za hisani ya kweli na za uongo hutofautiana, na tofauti hizo zinafundishika. Ya kweli humtaja mlipaji kwa jina, husema fedha zinakwenda wapi na hutoa hesabu. Ecosia, kwa mfano, ile huduma ya kutafuta mambo mtandaoni iliyoanzishwa Berlin mwaka 2009 na kupanda miti kwa fedha za matangazo, huchapisha taarifa ya mapato na matumizi yake kila mwezi, na yeyote anaweza kuisoma. Ya uongo haina mlipaji. Waulize wanafunzi swali lile la Uvira: nani analipaka? Hakuna kampuni inayohesabu ni mara ngapi ujumbe wa WhatsApp umesambazwa ikatoa dola. Jumbe hizo hufungwa njiani, na wenye mtandao wenyewe hawazisomi. Pili, ya kweli haihitaji namba ya kadi yako ili kumlisha mtu mwingine. Tatu, huduma za UNHCR hazitozwi ada, na shirika hilo limelisema hilo mara nyingi, kwa hiyo neno “ada” likitokea popote katika ujumbe wa namna hiyo limekwisha kujisema.

Kuna na dalili za lugha, ambazo kwetu ni kitamu cha somo. Ujumbe wa uongo mara nyingi hutumia vitenzi vya amri tupu: bofya, sambaza, jaza, tuma, haraka. Mtenda hafahamiki, fedha “zimetolewa”, majina “yatachaguliwa”. Ngeli huchanganyika kwa namna ambayo si ya Mkongo, si ya Mrundi wala ya Mtanzania, bali ni ya mashine ya kutafsiri. Tuliwapa wanafunzi jumbe sita, tatu za kweli na tatu za uongo, wakazichambua kwa kauli ya kutendwa peke yake. Waligundua tano. Wa sita uliwashinda, na lazima tukiri kwamba ulitushinda na sisi mpaka tulipoangalia anwani ya kiungo.

Neno “bofya” lenyewe lina historia ambayo tulipenda wanafunzi waijue. Kabla ya kompyuta, kubofya kulikuwa ni kubonyeza kitu kwa vidole kujua kama kimeiva, embe au papai. Katika miaka ya 2000, wataalamu walipokuwa wakitafuta istilahi za kompyuta, neno hilo likahamia kwenye kipanya na kuenea, na sasa mtoto wa Dzaleka analijua kwa maana ya simu kabla ya maana ya embe. Kipindi hicho ndicho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004. Mara nyingi tumetamani maana ya zamani irudi kidogo, mtu abofye kwanza kujua kama limeiva.

Jaribio jingine lilikuja kutoka kwa wanafunzi wenyewe. Walitaka kufungua ukurasa wao wa hadithi za Dzaleka kwa Kiswahili, wauwekee matangazo ya Google, kisha waandike juu: “Bofyeni matangazo yetu msaidie watoto.” Wazo la hadithi tuliliunga mkono. Hilo la pili tuliwakataza, na tunawaonya walimu wengine. Kanuni za AdSense haziruhusu mwenye ukurasa kuwaomba wasomaji wabofye matangazo, hata kwa nia ya hisani. Mtangazaji analipia mtu anayetaka bidhaa yake. Akibofya mtu asiyeitaka, fedha ya mtangazaji imekwenda bure, kwa maana ya pili, na akaunti ya mwenye ukurasa hufungwa. Wanafunzi walishangaa kuambiwa kwamba kubofya kwa huruma kunahesabiwa kuwa kosa. Ni mantiki ya ukuta wa dukani, si mantiki ya sadaka, na ni vizuri wakaijua mapema.

Wapo wenzetu waliotuambia kwamba, kwa hesabu hizi, bora kuacha kabisa mambo ya mtandao na watu kutoa kwa mkono. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa Dzaleka mwaka 2014 na Menes la Plume, mshairi Mkongo aliyekuwa mkimbizi hapo, hutangazwa mtandaoni, na watu hufunga safari kutoka Lilongwe na nchi za mbali. Wageni hula kwa mama ntilie wa hapo na baadhi hulala katika nyumba za wenyeji. Macho yale yale ambayo kwa mtangazaji hayana bei kubwa, yakifika kwa miguu yana bei nyingine.

Kwetu idarani tuliishia na jambo dogo. Tuliuchukua muundo wa Freerice tukauondolea mtandao. Tuliandika kadi 400 za msamiati wa Kiswahili, neno upande mmoja na majibu manne upande wa pili, kuanzia mepesi hadi magumu. Mdhamini ni mfuko wa chai wa walimu, na jina lake limeandikwa ubaoni ili swali la Uvira lipate jibu kabla halijaulizwa. Kwa kila jibu sahihi kijiko kimoja cha maharagwe huingia kwenye kopo. Kopo likijaa hupelekwa Dzaleka kwa kikundi cha akina mama wanaojifunza kusoma. Mwanafunzi wetu wa Uvira alitoa sharti moja tu, kwamba kopo lisiandikwe “msaada”. Tuliandika “mchango”, akaridhika. Alieleza kwamba msaada una anayetoa na anayepokea, lakini mchango mtu anaweza kuwa pande zote mbili. Na ni kweli, kwa sababu mama yake yumo katika kikundi hicho.

Muhula wa kwanza tulijaza makopo manne, ya pili saba. Mchango wa chai ulipungua kidogo na walimu wawili wamelalamika kwa haki. Akina mama nao wametutumia kadi 30 walizoandika wenyewe, zenye maneno ya Kiswahili cha Kongo, na nyingi zilitupiga chenga sisi wenyewe. Katika kadi zetu, zile zilizowashinda wanafunzi wengi zaidi ni tatu: “kibaba”, “pishi” na “chane”. Kadi zote zipo kwenye kabati la ofisi ya Idara. Walimu wanaotaka kuzinakili waje na karatasi zao.